Taulo ya Bega la Maître

Goma, Mabanga, tarehe 3 Machi 2024

Clarisse mutoto wangu,

Nasalimia kwanza mikono yako miwili, kisha miguu, juu ya kuwa ndiyo inanipatia sifa mbele ya watu. Sisi hapa tunaamuka vizuri, Mungu asifiwe. Baba yako Laurent, vumbi ya mbao inamurudia kwa kifua, lakini anakula, na mutu mwenye kula haombewi sana. Mudogo wako Gradi ameanguka tena kwa hesabu, anasema mwalimu hamupendi. Nimemuambia hata mimi singemupenda. Maji ya bomba haijapanda, tunachota ziwa. Upande wa Sake tunasikia mabomu, tunaendelea kuuza. Ndiyo Goma, unaijua.

Hii barua anakuletea Mama Philomène, ule muuza viatu, anayepita Gisenyi na bus kwenda kutafuta mizigo Kampala. Najua utauliza juu ya nini mama anaandika na telefoni iko. Kwa telefoni unité ya kupigia inaisha nikiwa bado kwa salamu za shangazi zako. Tena nyumba nzima inasikiliza. Kwa barua ninaongea peke yangu, hakuna wa kunikata mudomo.

Sasa, neno lenyewe. Soko yote ya Kituku imekuona! Gradi aliniwekea ile video ya pigano lako la mwezi wa pili, na asubuhi nikaenda nayo kwa soko. Mutu akikuja kununua samaki yangu ya sambaza, kwanza anaangalia mutoto wangu anavyopiga, kisha ninamupimia. Asiyeangalia, simupimii. Wavuvi wenyewe walishuka kwa mitumbwi na miguu ya maji. Mama Vanessa, jirani yangu wa meza, unakumbuka alivyosema zamani: "Huyu binti ya Micheline, karate hivi, ataolewa na nani, na kifuko cha mchanga?" Nilimusogezea telefoni mpaka kwa pua. Nikamuambia, "Mama Vanessa, hesabu meno ya yule mwenzake kama yangali yote." Akanunua samaki yake akaenda.

Siku hizi wananiita Mama Championi. Ninakataa mara ya kwanza, juu ya adabu. Ya pili ninaitika.

Kuna kitu kimoja sielewi. Maître Habineza, mwalimu wako, tangu alikufundisha karate nyuma ya parokia uko na miaka tisa, sijamuona na kitambaa. Sasa kwa video anasimama kwa kona yako na kitambaa kwa bega kama mama mwenye kunyonyesha. Ni ya nini? Na unitumie picha, sura yako yote, siyo mangumi tu.

Mama yako Micheline,
Mama Championi


Kampala, 14 Aprili 2024

Mama mupenzi,

Barua yako imenikuta muzima, na nimeisoma nikicheka mpaka Maître akauliza kama nimegongwa kichwa. Mupe Baba pole ya kifua, afunge kitambaa kwa mudomo akipasua mbao. Gradi umuambie nikikuja nitamufundisha hesabu na miguu.

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Tunakimbia asubuhi kwenye milima ya hapa, muchana ninafundisha watoto wa matajiri kupiga teke, jioni tunaingia salle ya mazoezi. Ninakula vizuri.

Neno kubwa ni hili: tarehe 24 Agosti, siku ya Posho, mwisho wa juma, nitapigania mukanda wa ubingwa. Ule mukubwa, wa nchi zote za upande huu. Mwenzangu ni dada mumoja wa Mombasa, ameushika muda mrefu. Muguu wake wa kuume unakuja bila kupiga hodi. Lakini na mimi siko mutoto wa jana.

Ulichouliza: kile kitambaa ni taulo. Karate yetu ya zamani haikuwa nayo, lakini kwa kickboxing iko. Kwanza ni ya jasho. Lakini iko na kazi ingine. Mupiganaji akiumia na mutu wake wa kona akaona inatosha, anatupa taulo ndani ya ulingo, na mchezo umekwisha hapo hapo. Aliyetupiwa ameshindwa, hata kama alikuwa mbele. Mwenye kupigana hana ruhusa ya kuitupa, juu mwenye kupigana hajui kusema inatosha. Maître hajawahi kuitupa juu yangu. Ninamuambiaga: taulo yako ni ya kupangusa tu.

Picha ni hii. Usishangae mistari ya barua inapanda mulima, niliandika haraka.

Mutoto wako,
Clarisse


Goma, 26 Mei 2024

Clarisse, Kavira wangu, bibi wa miguu mirefu,

Amani ya nyumba yetu ikufikie huko. Baba yako amepona kifua, lakini sasa ni mimi anasumbua. Tangu asikie neno la mukanda, ameacha meza ya mutu aliyemulipa, anachonga fremu. Ndiyo, fremu! Ya muvule, na kioo, ya kuweka mukanda wako kwa ukuta wa salon ya nyumba yetu, karibu na Bikira Maria. Nimemuambia, "Muzee, mutoto hajapigana." Akaniambia, "Mbao haingoji." Baba yako haongei sana, lakini akiongea na msumari, ujue ni furaha.

Wale wasichana wako wa Kanyaruchinya, uliowafundisha kwa kambi ya wakimbizi, wangali wanajifunza siku ya Posho juu ya mawe ya volkano, peke yao, na kelele nyingi. Nilipitia na mufuko wa sambaza. Kadogo kamoja kakaniuliza, "Mama ya Maître Clarisse, yeye anarudi lini?" Umesikia? Maître Clarisse. Nilitembea mpaka Mabanga sikusikia njia.

Na mimi siko mikono mitupu. Nimenunua taulo nyeupe, nzito, pale Birere. Nikampelekea Aubin, fundi wa cherehani, akaiandika kwa uzi mwekundu, herufi kubwa: KAVIRA CLARISSE, BINGWA, MABANGA. Alitaka kuandika Goma. Nikakataa. Goma ni kubwa, wengine watakunyang'anya. Mabanga ni sisi. Ningali nayo kwa sanduku, ninaonyesha watu kwanza. Nitaituma.

Picha nimepokea. Uko mzuri, umekonda kwa mashavu, nywele sawa. Nimeiweka kwa meza yangu ya samaki na kila mutu ameisifu.

Lakini mutoto wangu, mimi ninauza samaki. Samaki haijulikani kwa mukia, haijulikani kwa tumbo. Inajulikana kwa macho. Ya leo, jicho linakuangalia. Ya jana, jicho liko pale lakini halikuangalii. Nimekaa na hii picha siku nyingi. Jicho lako la kuume linaniangalia mimi mama yako. La kushoto, linaangalia wapi?

Pengine ni mupiga picha. Uniambie ni mupiga picha.

Mama yako


Kampala, 7 Julai 2024

Mama,

Salamu kwako, kwa Baba na fremu yake, kwa Gradi. Hapa tuko wazima. Maître anawasalimia.

Ni mupiga picha.

Sasa na mimi niko na swali. Mama Philomène alipitia salle juzi, nikamukaribisha chai. Kwa maongezi akaniambia, "Tutaonana kwa misa yako!" Misa gani? Akasema parokia imekwisha kutangaza, Siku ya Mungu tarehe 1 Septemba, misa ya shukrani kwa ajili ya mukanda wa Clarisse. Na kwamba shirika yetu ya parokia imekwisha kununua vikwembe, vitenge vya namna moja, vya kijani, vya kuvaa siku ile.

Mama! Misa ya shukrani ya mukanda sijashika? Huyu dada wa Mombasa anajua kama amekwisha kushindwa kwa parokia yetu?

Sikukasirika. Nilicheka kwanza. Kisha usingizi ulinikimbia, nikawaza: nikishindwa, mama yangu atapita barabara gani ya Mabanga? Atauza samaki akiangalia wapi?

Basi haitawezekana nishindwe. Ndiyo hivyo tu. Unitumie ile taulo.

Clarisse


Goma, 28 Julai 2024

Clarisse,

Ninaanza na salamu juu ni desturi, lakini leo zitakuwa fupi. Baba yako yuko, Gradi alipita darasa kwa neema, mvua hakuna.

Ndiyo, misa niliiomba. Sitakudanganya. Padri mwenyewe alinicheka: "Mama Micheline, kushukuru kunakuja nyuma ya kupata." Nikamuambia, "Padri, wengine wanashukuru nyuma juu hawana imani. Mimi nashukuru mbele." Akanituma kwa katekista, aandike nia ya misa. Katekista Janvier akasoma tangazo mbele ya watu wote, neno mukanda akalivuta kama wimbo, na mimi nikasimama nikapunga mukono kama mufalme. Nilikuwa na furaha. Hata ungekuwa wewe.

Sasa nisikilize. Mama Philomène aliporudi alinikuta Kituku, akaniita pembeni, nyuma ya mitumbwi. Akaniambia, "Micheline, mutoto wako alinimiminia chai. Aliimimina kwa meza, karibu na kikombe, na akaendelea kumimina. Alisikia moto kwa vidole ndiyo akaacha. Kisha akanipa mukono wa kwaheri, ukapita karibu na wangu." Aliniambia tena kwamba wasichana wa salle walimunong'oneza: ulikwenda kwa dokta wa macho, na umekataza Maître asitamke neno hilo mbele ya mutu wa Goma.

Mupiga picha, eh?

Dokta alisema nini? Uniandikie wewe mwenyewe, kwa mukono wako, hata mistari ikipanda mulima. Kama ni juu ya misa unaficha, misa ninafuta kesho. Watu watanicheka, watachoka. Huu mudomo wangu umekwisha kumeza mambo makubwa kuliko hayo. Nilimeza kukimbia volkano na wewe mugongoni na kapu ya samaki kwa kichwa, nikarudi nikakuta nyumba ni jiwe, na siku ya pili nikauza samaki.

Taulo ni hii, Mama Philomène anakuletea. Lakini siyo yako. Ni ya bega la Maître. Na kuna salamu zake nimempa Mama Philomène kwa mudomo. Hizo siyo zako pia. Maneno mengine hayapendi karatasi.

Mama


Kampala, 11 Agosti 2024

Mama,

Natumaini mungali wazima. Taulo imefika, ni nzuri sana, wasichana wote wa salle wanaisoma kwa sauti. Maître ameiweka kwa bega na hataki mutu aiguse.

Neno la dokta tutaongea nyuma ya tarehe 24. Siyo mbele. Nimetoka jasho miaka kumi na sita kwa hii siku moja.

Mama Philomène alimutoa Maître inje, wakaongea wamesimama juani. Maître aliporudi aliniangalia kama mutu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Mama, ulimuambia nini?

Misa usifute. Nakuomba unibariki tu.

Clarisse


Goma, siku kuu ya Bikira Maria kupalizwa, 15 Agosti 2024

Mutoto wangu,

Dereva wa bus anapiga honi, naandika nimesimama.

Misa sijafuta, juu umeniomba. Kupigana sijakukataza, juu ninakujua: ningekukataza ungepigana na mimi pia kichwani, na wawili ni wengi. Nakubariki kichwa, mikono, miguu. Nakubariki macho. Macho ninabariki mara mbili, kila moja na baraka yake.

Mama yako


Goma, 29 Septemba 2024

Clarisse,

Salamu nyingi kwako uliko. Baba yako yuko. Gradi yuko. Mimi niko. Mama Philomène amekwenda Kampala na kurudi, na mukono mutupu. Anasema ulimufungulia mulango, ukapokea sambaza kavu nilizokutumia, ukafunga. Basi, ninaandika mimi. Hasira ya mutoto haimuzuii mama kusalimia.

Tuliangalia sisi wote kwa telefoni ya Gradi. Watu walijaa mpaka kwa mulango, wengine wakasimama inje juu ya mawe. Baba yako alisimama nyuma, mukono juu ya ile fremu. Raundi ya kwanza ulimupiga. Ya pili ulimupiga kuliko. Niliimba, Clarisse! Mama Vanessa mwenyewe aliimba. Ule mwanaume wa kutangaza alikuwa anasema uko mbele, uko mbele sana.

Ya tatu, muguu wake ukakuja kwa upande wako wa kushoto. Wote walisema "Aah!" Mimi niliona kitu wao hawakuona. Hukufumba jicho. Mutu akiona kitu kinamukujia usoni, anafumba. Hata kuku anafumba. Wewe hukufumba, ukapokea ule muguu wote macho wazi, kama mutu anayeangalia barabara. Ukatikisika, ukasimama, ukaendelea kupiga. Na muguu ukakuja tena, kwa njia ile ile.

Ndiyo taulo ikaruka. Ilifunguka hewani kama kikwembe kwa kamba, ikaanguka mbele ya miguu ya yule wa Mombasa. Kamera ikaikaribia. Nyumba nzima ikasoma: KAVIRA CLARISSE, BINGWA, MABANGA. Hakuna aliyecheka. Watu wakatoka mumoja mumoja, wakisema "pole mama", kama kwa matanga. Nilikuona unamusukuma Maître kwa kifua. Hiyo sikuipenda. Yeye alisimama tu.

Kituku, kesho yake, Mama Vanessa akanipokea: "Mama Championi, kumbe taulo yako inajua kuruka kuliko binti yako!" Soko yote ikageuka kuniangalia. Nikapanga meza yangu vizuri, nikamuambia, "Ndiyo, imeruka. Na binti yangu ataweza kuona mahali ilianguka." Kisha nikauza mpaka mwisho.

Kwa katekista nilikwenda mwenyewe. Nikamuambia, "Janvier, futa ile nia ya misa." Akafuta na kalamu ya bic nyekundu, pole pole, kama anaogopa kuniumiza. Vikwembe viko kwa masanduku ya watu, hakuna aliyedai kitu.

Nilimuambia Maître nini? Usiniulize. Lakini sitakuomba musamaha, mutoto wangu. Ukitaka nikae bila barua mpaka Pasaka, nitakaa. Nijibu kitu kimoja tu: umerudi kwa dokta?

Mama yako


Kampala, 27 Oktoba 2024

Mama,

Nakusalimia na heshima yote, na aibu kidogo. Mumeamukaje? Baba na kifua chake? Mimi niko vizuri. Leo hiyo siyo salamu ya mudomo tu, ni kweli. Niko vizuri.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa mbele, Mama. Nilikuwa nimebakiza dakika chache za kuitwa bingwa. Nilikaa mwezi muzima sisemeshi Maître. Alikuwa anakuja kila jioni, anaweka chakula kwa mulango, anaenda. Siku moja nikafungua nikamufokea, "Kwa nini?" Akakaa chini kwa ngazi. Akasema, "Mama yako hakunikataza hata neno moja. Angenikataza, ningebisha, mimi ni mwalimu. Alinitumia salamu tu."

Nikamuambia anipe hizo salamu. Akanipa vile alivyozipokea kwa Mama Philomène: "Maître, nilikupa mutoto akiwa na macho mawili. Mukanda kama uko, uulete. Kama hauko, nitakupikia hivyo hivyo. Lakini siku utanirudishia mutoto, macho nitahesabu."

Akasema, tangu siku ile ile taulo ilikuwa nzito kwa bega lake. Alipoona sikufumba, mukono ulikwenda peke yake.

Asubuhi yake nilikwenda kwa dokta, na Maître. Tangu mwezi wa pili ndani ya jicho kulikuwa na ngozi nyembamba inabanduka, kama rangi ya ukuta wenye maji. Nilijua. Dokta alikuwa ameniambia nisipigane, na mimi nikajiambia: tarehe 24 tu, kisha basi. Safari hii aliangalia muda mrefu. Akaniambia ule muguu wa pili ulipasua zaidi, na wa tatu ungemaliza. Walinitengeneza jicho siku ya pili. Nililala kifudifudi siku nyingi, nikifikiri wewe na samaki zako.

Walipofungua bandeji, dokta akasema, "Funika la kuume, soma kitu chochote." Hapakuwa na karatasi karibu. Maître alikuwa amesimama na taulo kwa bega, kama desturi. Ilikuwa ukungu kwanza. Kisha nyekundu. Kisha nikasoma kwa sauti, herufi moja moja, M, A, B, mpaka mwisho, na Maître, yule mutu mugumu, akageukia dirisha.

Mama, ninaona. Wasingya. Ninakushukuru kwa Kinande cha bibi, juu Kiswahili hakinitoshi.

Ngumi za kichwa, hapana tena, maisha yangu yote. Dokta amesema wazi. Lakini kufundisha naweza. Nimewaza wale wasichana wa Kanyaruchinya. Nitafika mbele ya Noeli, na Maître pia, anasema iko na deni ya kuhesabiwa macho. Taulo nimempa Mama Philomène akurudishie, imefuliwa.

Kitu kimoja: usiniite bingwa tena. Sikushika mukanda.

Mutoto wako,
Clarisse


Goma, Mabanga, siku kuu ya Kristo Mfalme, 24 Novemba 2024

Clarisse mutoto wangu, Kavira wangu, bingwa wangu,

Umeona nimekuita hivyo. Uje ukanipige.

Nakusalimia na nguo ya misa ingali mwilini. Sijavua, nimeketi moja kwa moja kuandika. Baba yako amelala kwa kiti, alikula sana. Gradi anakunywa fanta ya tatu. Mulango umefunguka, watu wangali wanaingia na kutoka, na leo hakuna anayesema pole.

Barua yako niliisomea Kituku, nimesimama juu ya mutumbwi uliopinduliwa. Nilifika kwa "M, A, B", nikazirudia mara tatu. Mama Vanessa akaninyang'anya karatasi akamalizia yeye. Kisha akasema, na machozi, "Basi huyu mutoto hata jicho lake linasoma Mabanga kwanza." Yule mwanamuke, mudomo wake ni panga, lakini panga inakata pia majani ya kulisha mbuzi.

Siku ile ile nilikwenda kwa Janvier. Nikamuambia, "Katekista, andika nia mupya: Mama Micheline anamushukuru Mungu kwa jicho la kushoto la Clarisse." Akaweka bic chini. "Mama, hatujawahi kusoma misa ya jicho moja. Niandike afya, watu wataelewa." Nikamuambia, "Afya ni ya kila mutu. Mimi nilipewa jicho, na la kushoto, andika la kushoto." Akaandika, akiguna. Alipofika mwisho nikamuambia, "Na la kuume pia, ongeza. Mungu asifikiri sijaliona." Padri aliposikia akaniita: "Mama Micheline, safari hii umeshukuru nyuma ya kupata." Nikamuambia, "Padri, nimejifunza. Lakini ile ya mbele nayo ilifika, ilikosea tu kitu cha kushukuru."

Basi leo, kanisa yote, Janvier alisoma. Alianza kwa aibu, lakini neno la kushoto akalivuta, akaliimba kuliko alivyoimba mukanda. Watu wakapiga vigelegele mpaka njiwa za paa zikatoka. Shirika yote ilivaa vile vikwembe vya kijani. Hakuna hata mumoja aliyekuwa ameuza chake. Mama Vanessa alishona na mabawa kwa mabega, ukimuona utafikiri ni yeye aliyezaa.

Wakati wa matoleo, wengine walipeleka ndizi, kuku, maharagwe. Mimi nilipeleka taulo, nimeikunja herufi ziwe juu. Padri aliipokea, akaisoma, akaigusisha kwa altare, akanirudishia. Akasema pole pole, "Hii bado ina kazi." Wasichana wako wa Kanyaruchinya walikuja kwa miguu, wamefunga mikanda ya vitambaa, wakasimama mustari mumoja nyuma, wima kama askari. Kale kadogo kakaniuliza tena lini. Nikakaambia: mbele ya Noeli.

Baba yako ameiweka taulo kwa fremu ya mukanda. Haikuingia, ni nene. Basi ametoa kioo. Imekaa inatoka kidogo inje, kama mutu anayechungulia, na Bikira Maria yuko karibu anaiangalia. Nimemuambia, "Muzee, fremu yako haikupotea." Akasema, "Nilikuambia mbao haingoji." Ameanza kuchonga benchi za wasichana wako, tayari amenunua misumari.

Mutoto wangu, mimi nilijisifu juu yako mbele ya muji huu wote, na nitaendelea, usinizuie, ndiyo kazi Mungu amenipa. Lakini jua kitu kimoja. Wakati taulo iliruka, watu wote kwa salon walishika vichwa. Mimi nilikaa chini, nikasema ndani ya roho: asante, Maître amesikia. Sikuwaambia. Nimekuambia wewe.

Siku mutafika, Maître abaki kwanza barabarani na mizigo, nitamuhesabia baadaye, na kuku wake iko tayari. Wewe uingie peke yako. Usimame kwa mulango, ufunike jicho la kuume na mukono. Usome ukuta kwanza, kwa sauti, Baba yako asikie.

Kisha usigeuke. Mimi nitakuwa nimesimama kwa upande wako wa kushoto, kimya, na kikwembe cha kijani. Sitakuita. Nataka uniambie mwenyewe kwamba umeniona.

Mama yako Micheline,
ningali Mama Championi